Damu Kwenye Mswaki

Somo la afya kwa kisomo cha kujiendeleza

Ndugu mwanakisomo,

Kabla ya kusoma somo hili, pitisha ulimi wako nyuma ya meno yako ya mbele, yale ya chini. Je, meno ni laini kama kikombe kilichooshwa? Au yanakwaruza kama sufuria yenye ukoko? Kumbuka jibu lako. Tutalirudia mwishoni mwa somo.

Maneno ya kujifunza

Fizi: nyama inayozunguka meno na kuyashika. Fizi moja huitwa ufizi.
Ukoga: uchafu laini unaonata juu ya meno.
Ugaga: ukoga uliokuwa mgumu kama jiwe.
Taya: mfupa ambao mizizi ya meno imesimama ndani yake.
Usaha: maji mazito yanayotoka mahali palipooza.
Kukwangua: kuondoa kitu kilichoganda kwa kutumia chombo.
Ganzi: hali ya kutosikia maumivu mahali fulani mwilini.

1. Mazungumzo chini ya mwembe

Darasa letu la jioni lilikuwa chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha Mpanda. Siku moja, baada ya somo la hesabu, mama mmoja alinyoosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "mimi nikipiga mswaki natoka damu. Niliogopa nikaacha mswaki. Sasa ni miezi miwili. Nilidhani damu itakoma, lakini imezidi. Hata nikila mhogo mbichi, mhogo unapata damu."

Mume wake alikuwa amekaa nyuma. Yeye ni mkulima wa tumbaku, mtu wa miaka 52. Alicheka.

"Mama watoto, wewe una fizi za kitoto," alisema. "Mimi mswaki naushika siku ya kwenda mjini tu. Sigara navuta tangu ujana. Lakini sijaona hata tone la damu. Meno yangu ni ya chuma."

Mke wake akamgeukia. "Sawa, baba watoto. Lakini mbona siku hizi huli mahindi ya kuchoma?"

Mzee alinyamaza. Darasa zima likanyamaza. Kila mtu kijijini alijua kwamba zamani mzee huyu alipenda sana mahindi ya kuchoma.

Ndugu mwanakisomo, unafikiri kati ya watu hawa wawili ni nani alikuwa na ugonjwa mkubwa zaidi? Mama aliyetoka damu, au mzee asiyetoka damu? Fikiri kwanza. Kisha tuendelee.

2. Ugonjwa wa fizi unavyoanza

Umewahi kuingiza mkono ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa kwa siku nyingi? Utakuta utelezi. Ukiusuuza mtungi kwa maji tu, utelezi hautoki. Ni lazima usugue.

Meno yako ni kama mtungi huo. Kila siku ukoga hujijenga juu ya meno. Ukoga una vijidudu vingi sana. Vijidudu hivyo ni vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho. Ukoga hujijenga zaidi mahali ambapo jino linakutana na ufizi, na katikati ya jino na jino.

Ukisukutua kwa maji tu, ukoga hautoki. Ni lazima usugue.

Kama ukoga haukuondolewa, vijidudu hutoa sumu. Sumu hiyo huuchokoza ufizi. Mwili unajaribu kujikinga, kwa hiyo unapeleka damu nyingi mahali pale. Ufizi unavimba. Unakuwa laini. Ukiguswa kidogo, unatoka damu.

Watu wengi huangalia rangi ya fizi. Hapa tuwe waangalifu. Wengi wetu tuna fizi nyeusi au za kahawia tangu kuzaliwa. Rangi hiyo si ugonjwa. Usiisugue ili itoke. Angalia dalili hizi:

(a) fizi kuvimba na kung'aa;
(b) fizi kutoka damu wakati wa kupiga mswaki au kula;
(c) mdomo kunuka hata baada ya kusukutua;
(d) fizi kuwasha au kuuma kidogo.

Lakini kumbuka jambo hili: mara nyingi ugonjwa wa fizi hauumi mwanzoni. Jino lenye tundu humwamsha mtu usiku. Ugonjwa wa fizi hunyamaza. Ndiyo maana watu huuacha mpaka meno yanalegea.

3. Damu inasema nini?

Mama yule alifanya kosa ambalo watu wengi hulifanya. Aliona damu, akaacha mswaki. Alidhani mswaki ndio uliomjeruhi. Kumbe mswaki ulionyesha tu ugonjwa uliokuwapo.

Tutajuaje kwamba ni kweli? Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 1965 mtaalamu wa meno aliyeitwa Harald Löe pamoja na wenzake walieleza jaribio walilofanya katika mji wa Aarhus, nchini Denmark. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa udaktari wa meno. Waliambiwa waache kabisa kusafisha meno.

Je, nini kilitokea? Ukoga ulijijenga kwenye meno yao. Wengine fizi zao ziliugua baada ya siku 10. Wengine walifika siku 21. Lakini hakuna aliyepona. Wote 12 waliugua fizi.

Kisha wakaambiwa waanze tena kusafisha meno vizuri. Baada ya muda wa kama wiki moja tu, fizi zao zilirudi kuwa nzima. Hawakupewa vidonge. Hawakupigwa sindano. Walisugua ukoga tu.

Jaribio hili linatufundisha mambo mawili. Kwanza, ukoga ndio chanzo cha ugonjwa wa fizi. Hata mtu anayesomea udaktari wa meno ataugua akiacha kusafisha. Pili, ugonjwa huu ukiwa bado mchanga, dawa yake iko mkononi mwako.

Kwa hiyo, fizi zako zikitoka damu, usiache mswaki. Tumia mswaki laini, usugue taratibu, lakini usugue kila siku. Siku za kwanza damu itatoka. Baada ya wiki moja au mbili itapungua na kukoma. Kama haikukoma, nenda ukapimwe.

4. Ugonjwa unavyozidi

Sasa tumtazame yule mzee.

Ukoga usioondolewa hauishi kuwa laini. Mate yetu yana madini. Madini hayo huingia katika ukoga na kuufanya mgumu. Huo ndio ugaga. Rangi yake ni ya njano, ya kahawia au nyeusi. Mara nyingi ugaga huanza nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale ulipopitisha ulimi wako. Mswaki hauwezi kuuondoa ugaga. Hata ukisugua mpaka mkono uchoke, hautoki.

Juu ya ugaga, ukoga mpya hunata upesi zaidi. Polepole ufizi huachana na jino. Kati ya ufizi na jino panatokea uwazi, kama mfuko mdogo. Katika ufizi mzima uwazi huo una kina cha milimita 1 mpaka 3. Ukifika milimita 4 au zaidi, kuna hatari. Mswaki haufiki ndani ya mfuko huo. Vijidudu hukaa humo kwa raha, na mfupa wa taya huanza kuliwa.

Fikiri juu ya nguzo ya nyumba. Nguzo ni ya mti mgumu. Mchwa hawajaila. Lakini kila masika mvua inachukua udongo kidogo ulioishika. Mwaka wa kwanza nguzo imesimama. Mwaka wa tano bado imesimama. Siku moja unaiegemea, nayo inayumba. Nguzo haina kosa. Kilichoondoka ni udongo.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa meno. Jino zima, lisilo na tundu hata moja, linaweza kung'oka kwa sababu mfupa uliolishika umeliwa. Na mfupa wa taya ukishaliwa, kwa kawaida haurudi wenyewe kama ulivyokuwa. Tunachoweza ni kuuzuia usiliwe zaidi.

Dalili za ugonjwa uliozidi ni hizi:

(a) fizi kushuka na meno kuonekana marefu;
(b) meno kuachana na kuacha nafasi mpya katikati;
(c) usaha kutoka ukibonyeza ufizi;
(d) meno kulegea;
(e) kushindwa kutafuna vitu vigumu.

Mzee yule alikuwa ameacha mahindi ya kuchoma. Hakusema kwamba anaumwa. Alisema tu kwamba siku hizi anapenda ugali laini.

5. Kwa nini mzee hakutoka damu?

Hili ndilo jambo lililolishangaza darasa letu.

Moshi wa tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye fizi. Kwa hiyo fizi za mvutaji hazitoki damu sana, hata kama zinaugua. Ni kama mbwa wa ulinzi aliyefungwa mdomo. Mwizi anaingia, lakini hakuna anayebweka. Wakati huohuo moshi unaudhoofisha mwili usiweze kupigana na vijidudu. Mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza mfupa na meno kuliko mtu asiyevuta. Hata akitibiwa, fizi zake hupona polepole.

Tumbaku ya kutafuna na ugoro unaowekwa mdomoni pia huharibu fizi, hasa mahali pale inapowekwa kila siku. Tena vyaweza kuleta saratani ya mdomo.

Hapa Katavi wakulima wengi hulima tumbaku. Inalipa ada za watoto na mabati ya nyumba. Somo hili halizungumzi juu ya kilimo hicho. Linazungumza juu ya moshi unaoingia mdomoni. Mvutaji asijidanganye kwamba fizi zake ni nzima kwa sababu hazitoki damu.

6. "Mbona babu yangu alikuwa na meno yote?"

Mwanakisomo mmoja kijana aliuliza swali zuri. "Mwalimu, babu yangu hakuwa na mswaki maisha yake yote. Alikufa mzee sana, na meno yake yote mdomoni. Utasemaje?"

Ni kweli, watu hawafanani. Jambo hili nalo lilichunguzwa. Kuanzia mwaka 1970 mpaka 1985 wataalamu waliwafuatilia wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai huko Sri Lanka. Wanaume hao walikuwa wafanyakazi wa shamba, kama sisi. Hawakuwa na desturi ya mswaki, wala hawakuwa na matibabu ya meno. Matokeo yalitangazwa mwaka 1986:

Kati ya kila watu 100, karibu 8 ugonjwa uliwala upesi sana.
Karibu 81 ugonjwa uliwala polepole.
Karibu 11 ugonjwa haukuwapita hatua ya mwanzo.

Kwa hiyo babu wa kijana yule huenda alikuwa miongoni mwa wale 11. Lakini wewe utajuaje kama umo katika wale 11, au katika wale 8? Huwezi kujua kwa kuangalia ukoo. Mtu mwenye busara hangoji meno yalegee ndipo ajue.

Wako watu ambao wanapaswa kuwa waangalifu zaidi:

Wenye kisukari. Kisukari kisichotulizwa huzidisha ugonjwa wa fizi. Na fizi zinazooza hufanya kisukari kiwe kigumu kutulia. Mgonjwa wa kisukari na atibiwe vyote viwili.

Wajawazito. Wakati wa mimba fizi huvimba na kutoka damu upesi. Mjamzito asiache mswaki. Amwambie mhudumu wa kliniki. Kusafishwa meno na mtaalamu hakumdhuru mama wala mtoto.

Watu ambao kinga ya mwili imepungua. Fizi zikioza ghafla, zikiuma sana na kutoa harufu mbaya, yafaa kupimwa afya yote, pamoja na virusi vya Ukimwi. Kupimwa si aibu. Mwenye virusi akianza dawa mapema anaishi miaka mingi.

Watoto dhaifu. Mtoto aliyekosa chakula bora, au aliyetoka kuugua surua, anaweza kupata kidonda kwenye ufizi. Kwa nadra kidonda hicho huwa ugonjwa uitwao noma. Noma hula shavu la mtoto kwa siku chache na unaweza kuua. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza noma katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ukitibiwa mwanzoni kwa dawa, usafi wa mdomo na chakula bora, mtoto hupona. Kwa hiyo, mtoto dhaifu mwenye kidonda cha ufizi na mdomo unaonuka apelekwe kwa mganga siku hiyohiyo.

7. Matibabu

Baada ya somo lile, mume na mke walikwenda zahanati. Mganga aliwaangalia, akawaandikia barua ya kwenda hospitali Mpanda mjini. Walipanda basi asubuhi.

Tabibu wa meno alimkalisha mama kwenye kiti kirefu. Alitumia kioo kidogo na chombo chembamba chenye alama za milimita. Alikiingiza taratibu kati ya ufizi na jino, akapima kila jino. Mifuko ya fizi za mama haikuwa na kina kirefu. Mfupa wake ulikuwa mzima.

Tabibu alikwangua ugaga wote. Hospitali nyingine hutumia vyombo vya mkono. Nyingine zina mashine inayotetemeka na kutoa maji. Kazi ni ile ile: kuondoa ugaga juu ya ufizi na chini yake. Kisha alimfundisha mama kupiga mswaki. Hakumpa vidonge.

"Mama, ugonjwa wako ni mchanga," alisema tabibu. "Mimi nimefanya kazi ya leo. Kazi ya kila siku ni yako."

Kisha akakaa mzee. Tabibu alipima kwa muda mrefu. Alitikisa jino moja, kisha jingine. Mwishowe alisema:

"Mzee, samahani. Meno haya matatu hayana mfupa wa kuyashika. Itabidi yatoke. Mengine tunaweza kuyaokoa, lakini ni lazima tushirikiane."

"Lakini hayaniumi, mwanangu," alisema mzee. "Wala hayana matundu."

"Najua, mzee. Ndiyo hila ya ugonjwa huu."

Mzee alipigwa sindano ya ganzi. Meno matatu yaling'olewa. Siku nyingine alirudi, akapigwa ganzi tena, na ugaga uliokuwa ndani ya mifuko ukakwanguliwa mpaka kwenye mizizi. Baada ya miezi miwili aliitwa tena ili apimwe. Tabibu alimwambia wazi kwamba kama ataendelea kuvuta sigara, huenda meno mengine yakafuata.

Mara chache mifuko haiponi kwa kukwanguliwa. Hapo mgonjwa anaweza kupelekwa hospitali kubwa, ambako ufizi hufunguliwa kwa upasuaji ili mizizi isafishwe vizuri.

Wengine husema: "Usikwanguliwe ugaga. Ukiondolewa, meno yatalegea." Si kweli. Ugaga haushiki jino. Ni kweli kwamba baada ya kusafishwa, uvimbe hupungua na meno huonekana marefu kidogo. Pia unaweza kusikia baridi ukinywa maji kwa siku chache. Lakini kama jino linalegea, mfupa ulikuwa umekwisha liwa kabla ya siku hiyo. Ukiacha ugaga ili "ushike" jino, ni sawa na kumwacha mwizi ndani ili alinde mlango.

Je, vidonge vya kuua vijidudu vinafaa? Mara nyingi havihitajiki. Ukimeza vidonge bila kuondoa ugaga, uvimbe unaweza kupungua, kisha ukarudi. Mtaalamu huviandika pale inapobidi, kama vile ugonjwa ukienea na kuleta homa. Usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha, wala usiazime vya jirani. Vijidudu vikizoea dawa, siku utakapoihitaji kweli haitafanya kazi.

8. Kazi ya kila siku nyumbani

(a) Piga mswaki mara 2 kwa siku: asubuhi na kabla ya kulala. Ule wa usiku usiusahau kamwe.

(b) Tumia mswaki laini. Uelekeze pale jino linapokutana na ufizi. Sugua taratibu kwa hatua ndogondogo. Nguvu nyingi huumiza fizi.

(c) Sugua pande zote: nje, ndani na juu ya meno ya kutafunia. Watu wengi husahau upande wa ndani. Tumia dakika 2 nzima.

(d) Tumia dawa ya meno yenye floridi kama unayo. Dawa hiyo huzuia meno kutoboka. Kama huna dawa siku hiyo, piga mswaki kwa maji. Kinachoondoa ukoga ni kusugua.

(e) Mswaki wa mti pia unafaa ukitumiwa vizuri. Chagua kijiti kibichi cha mti unaojulikana kwa kazi hiyo, chenye unene wa penseli. Tafuna ncha mpaka iwe kama brashi. Sugua nje na ndani. Kesho kata ncha iliyotumika, utafune mpya. Kosa la wengi ni kusugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana wakicheka.

(f) Toa chakula kilichokwama katikati ya meno kwa uzi wa meno au kijiti laini. Usichome ufizi.

(g) Kila mtu awe na mswaki wake. Nyuzi zikitawanyika, au baada ya miezi 3, nunua mwingine.

(h) Kama fizi zimevimba, sukutua kwa maji ya chumvi. Weka nusu ya kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Yateme, usiyameze. Maji hayo hutuliza. Hayaondoi ugaga.

(i) Kula matunda na mboga za majani. Mtu anayekosa kabisa vyakula hivyo kwa muda mrefu fizi zake hutoka damu. Lakini hata ukila maembe kapu zima, ukoga utaubakiza. Kula vizuri na usugue vilevile.

9. Mambo ya kuacha

Usikwangue meno kwa kisu, msumari au wembe. Utakata ufizi na kuharibu jino.

Usisugue kwa mchanga, majivu au mkaa wenye chengachenga. Vitu hivyo hula jino na kuumiza ufizi.

Usiweke maji ya betri wala dawa kali kwenye ufizi. Maji ya betri huunguza nyama.

Usikate wala kuchimba fizi za mtoto mchanga. Mtoto akiharisha au akiwa na homa, watu wengine husema ana "meno ya plastiki", nao huyachimba. Yale si ugonjwa. Ni meno ya kawaida ambayo hayajatoka. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata vijidudu, na akafa. Huku ugonjwa wenyewe wa kuhara haujatibiwa. Mpeleke zahanati.

Nenda hospitali upesi ukiona uvimbe wa shavu au shingo pamoja na homa, mdomo kushindwa kufunguka, shida ya kumeza au kupumua, damu isiyokoma, au kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki 2.

10. Mwisho wa habari ya mzee

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha wakachimba vyoo. Hawakungoja mtu wa mbali aje kuwachimbia. Ugonjwa wa fizi nao uko hivyo. Tabibu ataukwangua ugaga kwa siku moja. Siku zinazobaki katika mwaka ni zako.

Mama wa darasa letu alipona. Baada ya majuma matatu alituonyesha mswaki wake, mweupe, hauna damu.

Mzee alikuwa na kazi ngumu zaidi. Kwanza alipunguza sigara, kisha akaacha, kisha akarudi, kisha akaacha tena. Mke wake hakumcheka. Meno yake matatu hayakurudi, na mahindi ya kuchoma sasa hupukuchuliwa kwanza. Lakini meno yaliyobaki hayajalegea zaidi. Siku moja alisimama mbele ya darasa akasema:

"Ndugu zangu, mimi nilijisifu kwamba sitoki damu. Mke wangu alitoka damu, akauliza. Aliyeuliza ameokoa meno yote. Basi ninyi ulizeni mapema."

Sasa, ndugu mwanakisomo, pitisha tena ulimi nyuma ya meno yako ya chini. Kama ni laini, endelea na kazi yako nzuri. Kama panakwaruza, umekwisha jua ni nini, na umekwisha jua pa kwenda.

Maswali

1. Kuna tofauti gani kati ya ukoga na ugaga? Ni kipi unachoweza kukiondoa mwenyewe?
2. Kwa nini mama alikosea alipoacha kupiga mswaki?
3. Watu 12 wa Aarhus walipona kwa njia gani?
4. Kwa nini fizi za mvutaji wa sigara hazitoki damu sana?
5. Eleza kwa maneno yako mfano wa nguzo ya nyumba.
6. Kwa nini haifai kununua vidonge dukani kwa kubahatisha?

Majadiliano ya kikundi

1. Katika kijiji chetu watu husema nini juu ya kukwangua meno? Lipi ni la kweli, lipi si la kweli?
2. Miti gani hutumika kwa miswaki hapa kwetu? Nani atalionyesha darasa namna ya kuitumia vizuri?
3. Tutawasaidiaje wenzetu wanaotaka kuacha sigara?

Kazi ya nyumbani

Chora jedwali lenye siku 14 katika daftari lako. Kila siku piga mswaki asubuhi na usiku. Andika neno "damu" kama umetoka damu, au neno "hakuna" kama hukutoka. Baada ya siku 14 lete daftari darasani. Aliyeandika "damu" mpaka siku ya 14 aende zahanati, nasi tumsindikize.